Murmansk iko kaskazini zaidi lakini haigandi, Arkhangelsk iliyo kusini yake inaganda. Kwa nini?

#1 Mtoto wa Pangani
Wakuu salaam.

Jana usiku nilikuwa namsaidia mdogo wangu kazi ya jiografia, ramani ya Urusi iko mezani, nikakwama. Arkhangelsk iko nyuzi 64 na nusu kaskazini. Murmansk iko karibu nyuzi 69, kule ambako Desemba jua halichomozi kabisa. Kwa akili ya kawaida, ukizidi kupanda kaskazini baridi inazidi. Lakini kitabu chake kinasema Arkhangelsk huganda kila mwaka kwa miezi, ila Murmansk meli zinaingia Januari kama zinavyoingia Julai.

Mimi nasema siri ni vivunja barafu. Warusi wana vivunja barafu vya nyuklia na kituo chake ni hapohapo Murmansk. Vinapita, vinavunja, bandari inabaki wazi. Mdogo wangu anasema hapana, bahari yenyewe haigandi. Tumebishana mpaka mama akaja kuzima taa.

Mwenye kujua atusaidie. Na swali la pili, nauliza kwa dhati: zile zinazoganda, kwa nini wasimwage chumvi?

#2 Kipanga77
Mdogo wako kashinda. Ni Mkondo wa Ghuba, maji ya moto kutoka Marekani.

#3 Mwl. Kijiti
Kipanga yuko karibu, ila tuweke majina sawa. Mkondo wa Ghuba ni ule unaopanda pwani ya Marekani. Ukishaiacha pwani hiyo na kukata bahari kuelekea Ulaya unaitwa Mkondo wa Atlantiki ya Kaskazini. Tawi lake linapanda na pwani ya Norwei, linazunguka kule juu kabisa, linaingia Bahari ya Barents. Hilo ndilo linalofika mlangoni kwa Murmansk. Si maji ya moto, ni maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Lakini maji ya bahari yenye chumvi kamili huganda kwenye hasi 1.9, kwa hiyo hizo nyuzi chache zinatosha.

Kuhusu vivunja barafu, mleta uzi umeanzia mwisho. Havikuifanya Murmansk iwe wazi. Viliwekwa pale kwa sababu ilikuwa wazi, ili viweze kutoka kwenda mashariki wakati wowote. Mji wenyewe ulianzishwa 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto. Urusi ilihitaji silaha kutoka kwa washirika wake, na milango yote imefungwa: Baltiki na Wajerumani, Bahari Nyeusi na Waturuki, Arkhangelsk na barafu. Wakajenga reli mpaka Ghuba ya Kola. Mji ukaitwa Romanov-na-Murmane, kwa jina la ukoo wa mfalme. Mwaka uliofuata mfalme akaanguka, na jina likaanguka naye.

#4 Mtoto wa Pangani
Asante Mwalimu. Mdogo wangu nampa soda yake leo. Lakini swali limebaki palepale: Arkhangelsk nayo iko kwenye bahari za hukohuko kaskazini. Mkondo huo mbona haufiki?

#5 Hesabu Tupu
La chumvi msilipite, ni swali zuri na lina hesabu yake. Tuchukue bandari ndogo, kilomita moja ya mraba, kina mita 10. Hayo ni maji mita za ujazo milioni 10. Tuseme iko juu kabisa ya Baltiki ambako chumvi ni kama gramu 3 kwa lita. Kuifikisha gramu 35 kama bahari kuu unahitaji kilo 32 kwa kila mita ya ujazo. Jumla tani 320,000 za chumvi.

Na umepata nini? Umeshusha kiwango cha kuganda kutoka karibu sifuri hadi hasi 1.9, wakati hewa juu yake iko hasi 20. Keshokutwa mkondo umeondoka na chumvi yako, na samaki wa maji baridi wamekufa.

#6 Kibibi wa Darajani
Hapo sijaelewa kaka. Samaki wa maji baridi si ndio wameyazoea hayo maji ya baridi? Mbona wafe tena?

#7 Hesabu Tupu
Dada, maji baridi yaani yasiyo na chumvi. Ya mto, ya ziwa.

#8 Mzee Bandarini
Huku kwetu Mombasa twasema maji matamu, hakuna utata. Nyinyi mwaita maji ya mto baridi hata yakiwa yachemka juani, kisha mwenda kwenye barafu na neno hilohilo. Kibibi ana haki ya kuuliza.

#9 FundiMajokofu
Mzee hapo umetushika. Basi kwa uzi huu tuseme maji matamu.

Namjibu mleta uzi #4. Angalieni Arkhangelsk ilipokaa: kwenye mdomo wa mto Dvina ya Kaskazini. Pale gatini ni maji matamu karibu kabisa, na maji matamu yanaganda kwenye sifuri. Murmansk iko ndani ya ghuba pia, na mto unaingia, lakini ghuba ni ya kina kirefu na maji ya Barents yenye chumvi yanaingia na kutoka. Mimi nasema sababu ni chumvi, mkondo unafuata.

#10 Mwl. Kijiti
Chumvi imo, lakini ukiipa nafasi ya kwanza utashindwa kueleza Bahari Nyeupe yenyewe mbali na mto. Kule maji yana chumvi ya kutosha na bado yanaganda. Bahari Nyeupe ni kama mtungi, imeunganishwa na Barents kwa shingo nyembamba. Maji ya uvuguvugu ya mkondo hayapenyi kwa wingi wa maana. Mtungi umewekwa nje usiku wa baridi, unategemea nini?

#11 Mzee Bandarini
Na maji kujaa na kupwa je? Murmansk maji hupanda mita tatu na zaidi wakati wa bamvua (maji yakijaa sana), kama hapa Kilindini. Maji yasiyotulia hayashiki barafu upesi. Mtu aliyekaa pwani hawezi kulisahau hilo.

#12 Mwl. Kijiti
Mzee shikamoo. Hoja ni nzuri, ila Ghuba ya Mezen, iliyo upande uleule wa Bahari Nyeupe, ina bamvua la kutisha, mita 8 na kupita, na bado hujaa barafu. Barafu yenyewe hupanda na kushuka na maji, inasagana, inarundikana.

#13 Mzee Bandarini
Marahaba mwanangu. Basi bamvua halizuii barafu, laivunjavunja tu. Lakini kuvunjavunja si kazi ndogo, ndiyo wanayowalipa wenye vyombo vya nyuklia.

#14 Baharia wa Tezi
Nimeona uzi huu nikashindwa kupita. Nimefika Luleå, juu kabisa ya Ghuba ya Bothnia upande wa Uswidi, mwezi wa pili, kupakia madini ya chuma. Nilikuwa baharia wa sitaha.

Kwanza, sauti. Siku mbili kabla ya kufika meli inaingia kwenye barafu, na usiku kucha ni kama mtu anaburuta mabati kwenye ubavu wa chumba chako. Unajifunza kulala nayo. Usiku wa pili sauti ikakoma, na ukimya huo ndio ulituamsha wote. Meli imesimama. Injini inasukuma, propela inazunguka, hatuendi. Tukakaa saa nyingi mpaka kivunja barafu kikaja. Kilitupita karibu sana ubavuni kutulegezea barafu, kikaja mbele, kikarudi kinyumenyume. Tezi yake, yaani nyuma, imechongwa pengo kama herufi V, limepigwa mipira mizito. Wakaivuta omo yetu, yaani mbele ya meli, ikaingia humo, wakafunga kwa waya, tukaenda kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Nilidhani shida imeisha. Bandarini ndiko ilikoanzia. Gati liko pale, mita 15 tu, hatuwezi kulifikia, kwa sababu katikati yetu na gati pamejaa mabonge ya barafu, na kila tukijisogeza tunayabana, yanakuwa kama ukuta. Tagi, boti ya kuvutia meli, ikaja ikageuza matako, ikapiga propela kuyasafisha mabonge yatoke. Yanatoka upande huu, yanaingia upande ule. Ilichukua karibu saa tatu. Kamba za kufungia meli zimekauka na baridi, ukizishika ni kama fito.

Nikamuuliza rubani wa bandari, mzee mmoja mpole: mnavunja barafu kila siku, mbona inazidi? Akanijibu, inazidi kwa sababu tunavunja.

#15 Mtoto wa Pangani
Inazidi kwa sababu wanavunja? Hii imenishinda. Fafanua baharia.

#16 FundiMajokofu
Baharia apumzike, hili ni la kwangu.

Ukifungua friji kuukuu ambayo haijayeyushwa barafu miezi sita, utakuta koili zimevikwa barafu nene. Mwenye friji ananiambia fundi, friji imejaa barafu lakini haipoozi. Namwambia haipoozi kwa sababu imejaa barafu. Barafu haipitishi joto vizuri, inakaa kama blanketi.

Sasa lipeleke bandarini. Bahari ikishashika barafu ya nusu mita, barafu hiyo inayakinga maji ya chini yasipoteze joto haraka. Inaendelea kunenepa, lakini polepole, na kadiri inavyonenepa ndivyo kasi inavyopungua. Ukiivunja umelifunua blanketi. Maji yako wazi kwa hewa ya hasi 20, yanaganda upesi sana, barafu mpya inashikana na vipande vya zamani. Kesho unavunja tena. Kila ukipita unatengeneza barafu mpya juu ya ile uliyoivunja jana. Bandari yenye meli nyingi mwisho wa msimu inakuwa na mrundikano wa mabonge wa mita kadhaa, wakati hatua mia moja pembeni, ambako hakuna aliyegusa, barafu ni mita moja laini kama sakafu.

#17 Baharia wa Tezi
Ndiyo. Pembeni watu walikuwa wanatembea na mbwa, wengine wanateleza. Sisi tumekwama hatua chache kutoka kwao.

#18 Kipanga77
Nimerudi. Posti #2 niliandika kwa haraka, nimesoma zaidi. Kuna watafiti, Richard Seager wa Marekani na wenzake, mwaka 2002 waliandika kwamba tunaupa mkondo sifa nyingi mno. Wanasema Ulaya ya magharibi ina baridi nafuu hasa kwa sababu ya upepo. Milima ya Rocky inaupinda upepo mkubwa wa magharibi, unafika Ulaya ukitokea kusini magharibi, na bahari inarudisha joto ililolinywa yenyewe kiangazi, si lazima liletwe kutoka Meksiko. Kwa hiyo jibu ni upepo.

#19 Mwl. Kijiti
Kazi nzuri Kipanga, na nafurahi umerudi. Ila haohao waliitenga pwani ya kaskazini ya Norwei: kule walikubali kwamba joto linaloletwa na bahari lina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu ndilo linaloizuia barafu isitande. Na Murmansk ni jirani wa pwani hiyo.

#20 Kipanga77
Jirani, ndiyo. Lakini mkondo wenyewe unasukumwa na nini kama si upepo?

#21 Mama Ndege (Oulu)
Nawasoma tangu asubuhi nikiwa kwenye basi. Mimi naishi Oulu, Finland, mwaka wa tisa sasa, natokea Moshi. Bahari yetu hapa inaganda kila mwaka, na bandari haifungwi hata siku moja.

Watu wa nyumbani hawajui kwamba Finland bandari zake zote zinaweza kuganda, na takribani asilimia 90 ya mizigo ya biashara ya nje hupita baharini. Zamani walikuwa wanafunga. Meli ya mwisho inaondoka, mji unasubiri mpaka masika. Hanko, kule kusini kabisa, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwekwa kama bandari ya majira ya baridi, na kivunja barafu cha kwanza cha serikali, Murtaja, kilianza 1890. Leo wanashirikiana na Uswidi, vivunja barafu vya nchi mbili vinagawana kazi kwenye ghuba moja.

Lakini hawasaidii kila meli. Kila meli ina daraja lake la barafu, kutegemea unene wa mabati, ukaribu wa mbavu zake na nguvu ya injini. Baridi ikikaza wanatangaza: kuanzia tarehe fulani, bandari za juu hatumsaidii asiye na daraja IA na uwezo wa kubeba tani 4,000. Ukija na meli dhaifu utakaa nje. Na ada ya kupita njia ya meli inapungua kadiri daraja lako lilivyo juu, kwa hiyo matajiri wa meli wanashawishika kujenga meli imara. Naona hiyo ndiyo siri yao kuliko mashine yoyote.

#22 Kibibi wa Darajani
Mama Ndege, na wewe unatembea juu ya bahari?

#23 Mama Ndege (Oulu)
Kila Jumamosi, mdogo wangu. Mara ya kwanza nililia. Nilisimama ufukweni, wenzangu wameshafika mbali, mguu umegoma. Bahari kwangu ilikuwa Tanga, maji yanakuja yanakulamba miguu. Hapa imenyamaza kabisa.

#24 Mtoto wa Pangani
Nina wazo, mnisahihishe. Kama kivunja barafu kina mtambo wa nyuklia, kwa nini kisikae bandarini kitoe joto tu, kiyeyushe, badala ya kuvunja kinachorudi kesho?

#25 Hesabu Tupu
Tupige. Barafu ya kilomita moja ya mraba, unene mita moja, ni karibu tani 917,000. Kuyeyusha tani moja ya barafu ambayo tayari iko sifuri kunahitaji uniti 93 hivi za umeme. Zidisha: uniti milioni 85.

Arktika mpya, kivunja barafu cha nyuklia cha Warusi kilichoanza kazi 2020, ina megawati 60 kwenye propela. Zote ukizigeuza joto, itakaa siku 59 kuyeyusha hiyo kilomita moja, mchana na usiku, na hewa isirudishe hata tone. Arktika hiyohiyo ina upana wa mita 34. Ikikata barafu hiyo kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa inaimaliza yote kwa kama saa tatu.

Ndiyo maana wanavunja. Kuyeyusha ni kumlipa kila punje ya barafu deni lake lote. Kuvunja ni kuipandia na kuiangusha kwa uzito wako.

#26 FundiMajokofu
Mtambo wa Arktika unazalisha joto zaidi ya hizo 60, sehemu kubwa inatupwa baharini. Lakini hata hivyo jibu haligeuki. Nakubali.

Ila kuna njia ya tatu ambayo hamjaigusa: mapovu. Unalaza bomba lenye matundu chini ya gati, unasukuma hewa kwa kompresa. Mapovu yanapanda, yanayabeba maji ya chini kuja juu. Na maji ya chini yana uvuguvugu kuliko ya juu, kwa sababu maji matamu huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4. Yakifika 4 yanazama, yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi na kubaki juu. Kwa hiyo chini kuna akiba. Kompresa ndogo inafanya kazi ambayo joto lako la uniti milioni 85 halikufanya, kwa sababu haitengenezi joto, inalihamisha.

#27 Mwl. Kijiti
Kwa ziwa ni sahihi kabisa. Kwa bahari kuwa mwangalifu fundi. Chumvi ikizidi kama gramu 24.7 kwa kilo, maji hayana tena hiyo tabia ya nyuzi 4. Yanazidi kuwa mazito mpaka yanapoganda. Ya juu yakipoa yanazama, ya chini yanapanda, mzunguko unaendelea hadi safu nzima imefikia baridi ileile. Akiba yako chini haipo, na mapovu yatapandisha maji yaliyo tayari kuganda.

#28 FundiMajokofu
Lakini bandari nyingi za Baltiki hazina gramu 24. Hesabu Tupu kasema gramu 3. Kwa hiyo zinafanana na ziwa, na akiba ipo.

#29 Mama Ndege (Oulu)
Hapa kuna mahali karibu na kiwanda ambako maji ya kupoozea mitambo yanamwagwa, hapagandi, bata wamejaa Januari. Hiyo nimeona kwa macho. Mapovu nimeyaona kwenye gati la boti ndogo. Kama yanasaidia meli kubwa sijui, lakini kwenye lile gati kuna duara la maji meusi kila povu linapotokea, na hatua mbili pembeni barafu inabeba gari.

#30 Papa wa Kalemie
Bandugu jambo. Sisi huku tuko na ziwa, barafu tunaiona kwenye bia tu. Lakini gati kufunikwa na maji tunajua. Tanganyika ilipanda, maji yakaingia bandarini Kalemie, mahali pa kupakulia pakawa pa kuvua. Nauliza: bandari zenu za barafu, barafu ikiyeyuka yote mara moja, maji yanaenda wapi?

#31 Mwl. Kijiti
Papa, umeigusa Dudinka bila kujua. Iko kwenye mto Yenisei, Siberia, ndiyo bandari ya Norilsk, mji wa nikeli usiounganishwa kwa reli na sehemu nyingine ya Urusi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 meli zinafika huko mwaka mzima kutoka Murmansk. Kwa ajili ya mto huo, ambao hauna kina cha kubeba vivunja barafu vikubwa, walijenga Taymyr na Vaygach, vya nyuklia lakini vyenye kina kifupi, na magamba yake yalijengwa Helsinki.

Kila mwaka mwishoni mwa Mei au Juni mto unafunguka. Yenisei inatoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo kusini kunayeyuka kwanza, maji yanakuja na kuikuta kaskazini bado imefungwa. Yanapanda mita nyingi, yanaibeba barafu, yanaipitisha juu ya magati. Wafanyakazi wanaziondoa kreni mapema na kuzipandisha mahali pa juu, wanaiachia bandari mto wiki kadhaa, kisha wanarudi kuzoa matope. Kila mwaka. Bandari iliyopambana na baridi miezi minane inafungwa na joto.

#32 Papa wa Kalemie
Aksanti sana Mwalimu. Sisi maji yalikuja bila kutuambia. Wao wako na tarehe.

#33 Baharia wa Tezi
Zile meli za Dudinka zina kitu cha ajabu. Mota ya umeme inayozungusha propela iko ndani ya chombo kama yai kubwa chini ya tezi, na chombo hicho kinazunguka pande zote. Barafu ikiwa nyepesi wanakwenda na omo. Ikiwa nzito wanaigeuza meli, wanatanguliza tezi, na propela yenyewe inatafuna barafu na kuyasukuma maji ubavuni. Wanakwenda bila kivunja barafu mbele yao. Zile za kubeba gesi kutoka Sabetta, bandari ya Urusi kule Siberia, zilizoanza Desemba 2017, ni za namna hiyo, urefu karibu mita 300, zinapita barafu ya mita 2.

#34 Mzee Bandarini
Subhanallah. Wahenga wetu walisema aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani. Sikudhani nitaishi kuona chombo kinachokwenda kwa tezi kwa kupenda kwake.

#35 Kibibi wa Darajani
Babu, ngamani ndiyo wapi?

#36 Mzee Bandarini
Ndani ya chombo, chini, pale maji yanapokusanyika na mtu akayakumba. Utembee mbele utembee nyuma, mwisho warudi pale kukumba maji. Muulize Baharia kama meli yake ya chuma haina ngama.

#37 Baharia wa Tezi
Inayo mzee. Na nimeikumba.

#38 Hesabu Tupu
Turudi kwenye Sabetta, maana pale hoja ya #16 imethibitika. Meli moja baada ya nyingine mwaka mzima kwenye bandari ileile, baridi kali, maji yenye chumvi kidogo kwa sababu ya mto Ob. Mabonge yanarundikana mpaka walijenga kivunja barafu maalumu cha bandari, kinaitwa Ob, kinachozunguka magati kuyasafisha. Meli za gesi zinapita barafu ya nje bila msaada, ila kwenye gati zinahitaji msaidizi.

#39 Kipanga77
Na walio nje nao wasijisahau. Novemba 2021 barafu iliwahi kule mashariki ya Urusi, karibu na Pevek, meli kama 20 zikakwama. Watu walishazoea miaka ya barafu chache. Baltiki nayo vilevile, baridi ya 1986–87 iliganda karibu yote, ya 2019–20 barafu ilikuwa haba kuliko kawaida kwa mbali. Ukipanga kwa wastani utaumia.

#40 Mtoto wa Pangani
Nimefanya muhtasari kwenye daftari la mdogo wangu: mkondo (Mwl.), chumvi (Fundi), shingo ya mtungi (Mwl. tena), upepo (Kipanga), bamvua (Mzee, nusu). Anauliza aandike ipi.

#41 Kipanga77
Upepo.

#42 FundiMajokofu
Chumvi. Na Mama Ndege, nina ombi. Wewe uko juu ya hiyo bahari. Chukua kipimajoto, pima chini ya barafu na pima karibu na sakafu. Tutajua kama mapovu yana akiba au Mwalimu ana haki.

#43 Mama Ndege (Oulu)
Jumamosi.

#44 Mama Ndege (Oulu)
Nimetoka huko sasa hivi, vidole bado vinauma. Jirani yangu ni mvuvi, ana keekee ya mkono ya kutobolea barafu. Unene sentimita 60. Nikafunga kipimajoto kwenye kamba yenye mafundo kila nusu mita, nikafunga na kokoto. Nilikiacha chini dakika kumi kila mara, nikakivuta haraka.

Chini ya barafu tu: sifuri. Mita 2: sifuri nukta moja. Mita 4, karibu na sakafu: sifuri nukta tatu.

#45 Mwl. Kijiti
Sifuri nukta tatu, si nyuzi 4. Safu yote imeshapoa. Vuli upepo uliichanganya kabla barafu haijafunika.

#46 FundiMajokofu
Bado chini ni joto kuliko juu! Na umepima mita 4 tu. Gati la meli kubwa lina mita 10 na zaidi. Mama, kipimajoto ni cha nini?

#47 Mama Ndege (Oulu)
Cha jikoni.

#48 FundiMajokofu
Saga barafu ya maji ya bomba, jaza glasi, ongeza maji kidogo, koroga, kitumbukize dakika tano. Lazima kisome sifuri.

#49 Mama Ndege (Oulu)
Kinasoma sifuri nukta mbili.

#50 Mwl. Kijiti
Basi vipimo vyote vishushe nukta mbili. Chini ya barafu inakuwa hasi 0.2, na maji ya chumvi kidogo kama hayo ndiko yanakogandia hasa. Chini kabisa 0.1.

#51 FundiMajokofu
Tofauti haijabadilika, ni nukta tatu bado. Mapovu yanataka tofauti tu. Naomba mita 10.

#52 Mtoto wa Pangani
Mama, kamba yako ina urefu gani?

#53 Mama Ndege (Oulu)
Mita 6. Nina nyingine ya kuanikia nguo, nitaziunga. Jirani anasema mahali penye kina hicho ni mwendo wa nusu saa kutoka ufukweni, na tuondoke saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza.